Mashine Ilisema Daraja Liko Mbele

Mei 1994

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima hapa Kapkatet, na nashukuru kukuandikia. Jana, mimi na injinia wetu tukiwa garini, ukungu ulikuwa mzito, tukafuata ile mashine yetu ya kusoma setilaiti ili kujua tulipo. Ilionyesha daraja liko mbele. Ghafla mchuma chai mmoja, Mama Chebet, akaruka barabarani akipiga kelele: "Simama! Daraja iko kule chini, hapa ni mto tu!"

Tuliposhuka, ukingo wa mto ulikuwa hatua kumi mbele. Injinia alituambia wenye setilaiti hupotosha vipimo vyake makusudi, ili maadui wao wasilenge makombora sawasawa. Mama Chebet alicheka sana, akatupa chai ya maziwa na viazi moto. Sasa kabla ya kusonga tunauliza mwenyeji.

Ukiniombea, Mama, mtaje Mama Chebet kwanza.

Mwanao,
Ochieng'