Sura Yangu Chini Kabisa ya Simu ya Mama

Mdogo wangu Neema,

Unakumbuka ile likizo uliyokuja hapa Maisaka, ukashinda kibarazani wiki nzima ukimwangalia Mama anavyobonyeza simu? Kidole kinatetemeka, macho yameshafifia kwa kisukari, nawe unaandika kila kitu kwenye daftari. Ulinieleza kwamba kazi yako huko Dodoma ni kuunda programu inayomsoma mtu, kisha inajibadilisha imfuate yeye. Nilikuwa nachambua maharage, nikacheka.

"Kwa hiyo simu itamjua Mama kuliko mimi?"

"Dada, subiri uone."

Nikaona. Haukupita mwezi tangu uiweke kwenye simu yake, vitufe vikawa vikubwa, vikasogea pale kidole chake kinapoangukia. Majina yakageuka picha, na anayepigiwa sana akapanda juu. Wewe ukajaa kioo kizima, unatabasamu. Mimi ninayempikia uji, ninayemchoma sindano kila asubuhi, nikawa kijipicha chini kabisa, kisha nikatoweka.

"Simu ya Neema inanijua," akawa anawaambia wenzake wa jumuiya ya kanisani, mimi nimesimama pale pale na birika la chai. Iliniuma, Neema. Iliniuma sana.

Jumanne moja Mama akiwa anaoga, nilifuta kila kitu ambacho simu ilijifunza. Nikaenda zangu sokoni.

Sukari ikamshuka. Alianguka jikoni simu ikiwa mkononi, akawa anabonyeza pale alipozoea, haipigi. Mama Paulo, jirani yetu, ndiye aliyemsikia akigonga sufuria, akaja kumnywesha maji ya sukari.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Mama ukweli. Aliniketisha kando yake. Kisha akasema, "Wewe nikupigie simu ya nini, mwanangu? Nikiita tu, unaitika."

Nililia kama mtoto.

Wewe nilikuambia simu iliharibika. Haikuharibika, ni mimi. Nisamehe.

Wivu bado ninao, sitakudanganya mara ya pili. Lakini programu yako inahesabu wanaopigiwa tu. Anayeitwa kwa sauti haimjui. Irekebishe. Picha yangu iweke juu kabisa, hata juu ya yako. Si kwa ajili ya sifa. Siku Mama akianguka tena, mimi nitakuwa sokoni hapo karibu, wewe utakuwa Dodoma.

Ni mimi dada yako, niliyebaki nyumbani.