Siku Hamisi Alipoondoka Mashineni

Jumanne, Kasulu. Ukungu umekaa mpaka saa nne, na baridi ni ile ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Chai niliifikisha nusu ndipo nikagundua haina sukari. Nikaimalizia hivyo hivyo.

Hamisi ameondoka leo.

Kwa mnaosoma mkiwa mbali, nieleze kidogo. Ualimu haukuachii hata ukistaafu. Mtaa wetu unaitwa Mashineni. Ulianza na mashine ya kukobolea kahawa, kabla mimi sijaletwa kufundisha hapa. Bei ya kahawa ilipoanguka, banda la mashine hiyo likawa karakana ya mbao. Wakaja wakamuaji wa mawese, wakaja mafundi wa kuchomelea, mwisho mashine za kusaga. Umeme wa gridi ulikuwa haujatufikia, kila kitu kilikwenda kwa dizeli, na shule yetu ilipakana ukuta na banda hilo. Nilifundisha miaka yote nikipaza sauti. Mpaka leo napaza sauti mezani, na niko peke yangu.

Sasa mtaa umepangwa upya. Lami imepita palipokuwa karakana, mitaro imejengwa, taa zinawaka, na mashine zote zimehamishiwa nje ya mji. Ni mpango mzuri. Mimi mwenyewe nilisimama kikaoni nikautetea, maana moshi ule watoto waliuvuta darasani. Hakuna aliyedhulumiwa. Kila mwenye mashine alipewa kiwanja.

Hamisi alipewa pia.

Yeye ni mtu wa Pangani, alikuja kijana akimfuata mjomba wake mwenye duka, akabaki. Alikuwa na mashine moja tu ya kusaga, kwa hiyo wateja wa mahindi na wa muhogo walipokezana. Kila alipobadilisha, unga wa kwanza ulitoka umechanganyika, si wa huyu wala wa yule. Huo aliumimina kwenye beseni mlangoni. Aliyepungukiwa nyumbani alichota, hakuomba, na hakuna aliyemtazama. Wenyeji walichota, na watumishi wageni ambao mshahara umechelewa walichota. Nami nimewahi kuchota.

Huko kwenye viwanja vipya kila zao limepangiwa mashine yake. Unga unatoka safi, wala hakuna wa kuweka mlangoni. Hamisi alikwenda kupaona, akarudi, akauza mashine.

Wiki nzima nilitaka kumwambia kitu. Nimemwambia leo asubuhi, begi likiwa tayari begani mwake.

"Kile chumba changu cha uani kipo, Hamisi. Kaa."

Akacheka. "Nikae nikusikilize? Shule niliitoroka utotoni, Mwalimu, nije nikamatwe uzeeni?"

"Pangani nani anakujua sasa?"

"Hakuna."

Kabla sijajibu, akapita mama mmoja kutoka Nyakitonto, beseni la muhogo mkavu kichwani. "Mwakeye, wazee," akatusalimu. "Mashine mmeipeleka wapi?" Hamisi akamwelekeza kwa upole: anyooshe na lami, avuke daraja, aulize tena. Mama akashusha pumzi. "Mbona mbali hivyo? Si mngesubiri nisage huu kwanza?" Wakacheka wote wawili. Akaondoka.

Hamisi akamtazama mpaka akakata kona.

"Umeona?" akasema. "Kila siku hivyo. Pangani hakuna atakayeniuliza."

Nikambebea mfuko wake mdogo hadi stendi, tukazungumzia bei ya mbolea. Basi lilipoondoka nilipunga mkono kama mtu anayeelekeza magari. Nilingoja nihisi kitu. Nikasikia njaa tu, nikarudi kula.

Mchana nimekwenda kusimama palipokuwa banda lake. Pamemwagwa kokoto, pamesawazishwa vizuri. Ningeweza kumweleza mpita njia yeyote historia ya pale, hatua kwa hatua, bila sauti kutetemeka. Hilo ndilo linalonishangaza.

Nilisubiri mpaka amekata tiketi.

Ningemwambia wakati mashine bado inanguruma, angekaa? Nadhani angekaa. Nimeliandika hapa nikalisoma mara mbili, na kifua kimetulia kama cha mtu mwingine.

Keshokutwa atakuwa amefika. Nitampigia simu, na sitaeleza chochote. Nitamuuliza Pangani pakoje, kisha nimwache aongee.