Hatuji Sfax

Nabeul,
Jumapili, mwezi wa Aprili

Kwako Dada yangu mpenzi Wasila,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na shemeji Taufiki, na watoto, na wajukuu wote mpaka yule mchanga ambaye sijamshika. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Yale mafuta niliyokupelekea umeyatumia, au umeyaweka kabatini kama kawaida yako ili yaharibike kwa heshima? Sisi huku hatujambo. Tunakula, tunashiba, tunagombana kidogo, na nyumba nzima inanukia maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, mpaka paka anapiga chafya.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu, Dada, hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe una kumi, na ukianza kulia na mimi nalia, tukikata simu sijui hata tulikubaliana nini. Karatasi haikatizwi. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Uliniambia kwamba maua yakimalizika tu, Lamjed wako atakuja na gari la mizigo kutuchukua mimi na mume wangu Munji tuje kukaa kwenu Sfax moja kwa moja. Kwamba chumba cha chini kipo tayari, kizingiti kimeondolewa tusijikwae, na kitanda umeshanunua. Hukuniuliza, umenipa taarifa. Ukasema karakana yetu ya mbao tuifunge na bustani tumwachie jirani, maana Munji amezeeka na ameanza kuangukaanguka. Nimelifikiria neno lako kwa siku nyingi, na jibu langu liko humu, lakini nataka kwanza ujue tunaishije, kwa sababu unayoyajua umeambiwa na Sihem, na Sihem binamu yetu akiona moshi husema mji umeungua.

Ni kweli Munji alianguka. Alikuwa anarudi na baiskeli yake ya zamani kutoka Beni Khiar, akaingia nayo kwenye mtaro wa kumwagilia mashamba. Alifika nyumbani ana tope mpaka masikioni, mkononi amebeba kofia iliyojaa maji, akaapa kwamba mtaro ule jana yake ulikuwa upande wa pili wa barabara. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakuvunjika kitu. Alichubuka kiwiko na akanuna kwa sababu alikuwa amebeba mayai.

Siku zetu ni hivi. Asubuhi kabla jua halijawa kali tunatandika mashuka chini ya midanzi, tunachuma. Munji ndiye anayechuma vizuri, mimi nina haraka. Yeye anaacha matumba yaliyofumba na kuchukua ua lililofunguka tu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtoto. Mimi naparura tu, naye anasikia majani yanavyokatika, ananiuliza kwa sauti kama nimekuja kuchuma au kulipiza kisasi. Halafu tunakwenda kwenye miche ya pilipili. Hapo ndipo tunapogombana. Anadai naipanda kwa kubanana. Nikamwambia pilipili za baba yetu zilibanana vilevile na zilimliza kila aliyezila. Akasema hazikuwa pilipili zilizomliza mtu, ilikuwa kumsikiliza baba yetu akizisifu.

Mchana tunawasha moto chini ya chungu cha shaba kutoa maji ya maua. Unakumbuka jinsi mama alivyokuwa anakanda unga laini kuziba ule mshono wa chungu na kifuniko ili mvuke usitoroke? Unga wangu mwaka huu ulikuwa mwepesi mno, ukapasuka. Mimi nilikuwa nimegeuka kusafisha chupa, sikuona kitu. Munji alikuwa amekaa mbali, akanipigia kelele kwamba mvuke unatoka upande wa ukutani, niwahi kabla hatujawagawia majirani harufu yote bure. Nikaenda, kweli. Halafu tukakaa tukisikiliza maji ya maua yakidondoka chupani, tone moja moja, na kahawa mkononi. Dada, hizo ndizo saa zangu nzuri kuliko zote. Chupa ya kwanza ni yako, wewe ndiye mkubwa wetu, na Sihem atakuletea akija. Akikuambia imepungua njiani, usimwamini.

Sasa nikuambie kuhusu baiskeli, maana najua Sihem ameshakuambia kwa namna yake. Ile hoteli ya ufukweni iliyofungwa iliuza vitu vyake vyote, viti, meza, na baiskeli walizokuwa wakiwakodishia watalii. Munji alikwenda kutafuta viti vya kukarabati, akarudi na viti na baiskeli moja ya watu wawili, kiti kimoja nyuma ya kingine, kila mtu na pedali zake. Ilikuwa imeshika kutu kama meli iliyozama. Tumeisugua, tumeitia mafuta, nimeipaka rangi ya buluu. Tunaiendesha wawili, na mimi ndiye ninayekaa mbele.

Siku ya kwanza tulipopita sokoni, watu waliacha kununua vitunguu. Habibu muuza mboga alisimama juu ya kreti akapiga kelele, “Munji! Leo umeolewa!” Munji hakukawia, akamjibu kutoka nyuma yangu kwamba ameolewa miaka mingi, leo ndipo mke amempatia usafiri. Soko zima likacheka, nami nikapiga kengele kama kichaa. Sasa wametuzoea. Wanawake wananiuliza kama ni vigumu kumbeba mume, nawaambia si vigumu, kazi ni kumnyamazisha. Mwendo wote ananiuliza tumefika wapi, mlozi wa Bi Mahbuba umechanua au bado, bahari leo ina rangi gani. Namwambia. Nimekuwa redio yake.

Na karakana haijalala. Viti vya hoteli tumeshavimaliza, tumetoa vanishi ya zamani kwa msasa mpaka mbao zikapumua, sasa viko kwenye mkahawa karibu na mnara wa saa. Kuna kabati la Beni Khiar ambalo wadudu wa mbao wamelila mguu mmoja, tunachonga mwingine. Kazi kubwa zaidi ni masanduku ya maharusi. Mwaka huu wasichana wamerudi kuyataka yale ya zamani yaliyopakwa rangi, na mama zao wanayatoa kwenye mabanda ya kuku na kutuletea. Tunayaunga, tunabadilisha bawaba, tunayachora upya. Unakumbuka sanduku la Rimel wako. Siku ya harusi yake ulisimama mbele ya wakwe ukapitisha kiganja juu ya wale samaki wawili, ukasema kwamba mkono wa Munji haujazeeka hata kidogo, Mungu auhifadhi. Munji alikuwa amesimama nyuma yako, akainamisha kichwa. Ulidhani ni unyenyekevu.

Dada, sasa kaa kitako. Mficha uchi hazai.

Mwaka juzi tuliletewa sanduku la bibi harusi wa Hammamet. Unajua vile samaki wa harusi wanavyochorwa, wanatazamana, midomo karibu kugusana, ili wenye nyumba wasipeane kisogo. Munji amewachora tangu akiwa kijana, angeweza kuwachora usingizini. Mama wa bibi harusi alipokuja kulichukua, akafunua shuka, akapiga yowe. Samaki wale walikuwa wamepeana migongo. Kila mmoja amechorwa vizuri, magamba yote yapo, lakini huyu anatazama mlango na yule anatazama dirisha. Yule mama alilia kwamba tumemwandikia binti yake talaka kabla ya ndoa. Munji alisimama na brashi mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Naziha, kuna nini hapo?” Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mume wangu hakuwa akikiona alichokichora.

Tulikwenda Tunis kwa daktari. Ni presha ya macho, Dada. Imekuja polepole bila maumivu na imekula mshipa wa jicho, na kilicholiwa hakirudi, hata kwa upasuaji. Wakati ule alikuwa bado anaona katikati kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Sasa tundu nalo limezibwa. Anajua mchana na usiku, na basi. Alipoanguka mtaroni tundu lilikuwa bado halijafunga kabisa, na alikuwa ametoka peke yake bila kuniaga, kwa ubishi tu, kujipima. Nilicheka mbele yake. Nilipokwenda kumchotea maji nililia mpaka ndoo ikafurika. Yeye alilia mara moja tu, siku tuliyotoka kwa daktari, kwenye kituo cha gari, na akaniomba nisikuambie. Alisema, “Shemeji atanilisha kwa kijiko.”

Sanduku la Hammamet nililifuta mwenyewe nikalichora upya. Nilikuwa nimemtazama akichora kwa miaka yote ya ndoa yetu, lakini kutazama si kushika. Samaki wangu wa kwanza walikuwa kama viazi. Munji alikaa kando yangu, akawa anapitisha kidole kwenye rangi iliyokauka na kuniambia hapa umekandamiza, hapa mkono ulisita, anza tena. Nilianza tena, nikachukia, nikatupa brashi, nikaiokota. Tangu wakati huo kila kitu kilichotoka karakana hii kimechorwa na mimi. Yeye anapiga randa, anaunga, anajua kwa kiganja mbao imenyooka au imepinda, na mimi nachora. Samaki wa Rimel ni wangu, Dada. Ulipowasifu mbele ya wakwe nilitaka kupiga vigelegele na nilitaka ardhi inimeze, yote kwa pamoja.

Najua unachofikiri sasa. Unafikiri badala ya gari moja Lamjed aje na mawili. Nimekupa mwenyewe fimbo ya kunipigia. Nimekuandikia hata hivyo, kwa kuwa sitaki kubaki hapa kwa kukudanganya, nataka kubaki wewe ukijua. Kule kwako Munji atakuwa kipofu aliyewekwa kwenye chumba kizuri, akiulizwa kila saa kama anataka maji. Hapa yeye ni Munji. Hapa anafika kwenye mdanzi wa mwisho bila kugusa ukuta, anagundua unga umepasuka kabla yangu, na Habibu bado anamtania. Nani atamtania Sfax? Mtamhurumia mpaka mumuue.

Sisemi kwamba siogopi. Naogopa sana. Naogopa nikiugua mimi itakuwaje. Na kuna jambo jingine, tumekubaliana kwamba hatutaficha tena hata kwa wateja. Alhamisi alikuja mama mmoja kuchukua sanduku la binti yake, akaniambia nimpelekee fundi Munji shukrani zake. Nikamwambia fundi aliyechora ni mimi. Aliitazama mikono yangu, akawatazama samaki, na nikaona uso wake unabadilika ingawa samaki walikuwa walewale. Akasema atalifikiria. Sanduku bado liko hapa. Huenda harudi, na huenda wengine nao watasita. Wasite. Nitachora mpaka wazoee, kama walivyozoea baiskeli.

Mama alipofariki wewe ulinichukua, ukanisuka nywele, ukaninyima pipi, ukanisomesha. Sina mama mwingine duniani ila wewe, na sijasahau hata siku moja. Ndiyo maana najua ukiamua kitu hubadiliki, kwa kuwa na mimi umenilea hivyohivyo. Basi hatuji, Dada. Lamjed asilete gari la mizigo. Njoo wewe, kaa nasi wiki nzima, umwone kwa macho yako, kisha ukitaka kulia ulie hapa kwenye bustani. Kile chumba cha chini, na kitanda chake kipya, kipangishe.

Barua hii nimemsomea Munji leo mchana, huku anapiga msasa mguu wa lile kabati. Nilipofika pale aliposikia kwamba nimekuandikia kuhusu kituo cha gari, aliacha kupiga msasa. Akaniambia nipafute. Nikamwambia sifuti. Kisha akaniuliza kama nimeshaweka sahihi. Nikasema bado. Akasema niweke vizuri, kama vile yeye alivyokuwa anaweka nyuma ya kila kazi, jina na cheo, nisione haya.

Msalimie shemeji Taufiki, na Lamjed, na Rimel na mumewe, wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Sihem akipita msalimie pia, lakini usimwambie kitu mpaka ufike kwetu. Munji anakusalimu sana, anasema ukija ulete halua ya Sfax, ya huku haina adabu. Mungu atukutanishe kwa heri, na ayalinde magoti yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Naziha,
fundi wa masanduku ya harusi, Nabeul