Lita Tano za Shukrani

Jumapili, saa tisa mchana. Jua linawaka hapa mtaani kwetu Kanyosha kama limetumwa. Nimekaa barazani bila viatu. Suti ya jana nimeitundika mlangoni, na hata ikiwa imetundikwa bado inaonekana imebana.

Nina hasira.

Nilitaka kuanza taratibu, kama nilivyowazoesha ninyi wachache mnaopita hapa kusoma habari za mwalimu wa jiografia mwenye tumbo na vichekesho vyake. Leo vichekesho vimenikimbia. Hasira hii ina umri wa mwaka mzima, na ninayemkasirikia ni Mungu. Nikiandika hivyo naangalia juu kidogo, kama mwanafunzi aliyerusha chaki halafu mwalimu akageuka.

Jana tulivunja matanga ya mdogo wangu, Odette. Huku kwetu mtu akishazikwa, familia inabaki msibani karibu mwaka. Halafu siku moja inaita watu, wanakaa chini ya turubai, wanakunywa, wanasikia neno la familia, na kuanzia hapo mmeruhusiwa kucheka tena mbele za watu. Warundi wanaita kuganduka. Sisi wenye suti tunaita levée, ili ionekane tumesoma. Neno la familia linasemwa na mtu mmoja, msemaji. Asiposema, msiba haufungwi, hata mkinywa kreti zote.

Na msemaji ni mimi.

Si wa kwetu tu. Mtaa huu wote nimewasemea: mahari, ubatizo, matanga. Nina sauti inayowafikia hata wale wa nyuma wanaohangaika na kifungulio cha chupa. Na nina sentensi yangu. Nimeisema misibani mara nyingi kiasi kwamba nikianza tu, mke wangu, Mama Divine, huitamka pamoja nami kwa midomo, bila sauti, kunikejeli: "Sisi kama familia hatuna swali kwa Mungu. Tuna shukrani tu." Nikishaitoa, wazee wanatikisa vichwa, mchungaji anatabasamu, vinywaji vinaanza kupita. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliiona ina imani.

Sasa niseme ya Odette. Nimeyazunguka mwaka mzima, humu na kwingine.

Aliishi nasi, chumba cha nyuma. Alikuwa mshonaji, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Pumu ilimshika tangu utotoni, akaizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Mimi aliniita Yaya, kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, na aliniheshimu kwa maneno tu. Kwa matendo alinicheka kutwa.

Mwaka jana esanse, yaani petroli, ilipopotea mjini, nilipanga foleni kituoni siku tatu, tukipokezana na Mama Divine kulinda gari. Siku ya tatu ikafika zamu yangu. Nikapata lita tano, kwenye bidoni la manjano, na pampu ikakauka papo hapo. Jumapili yake nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikainua mikono, nikasema Mungu amenikumbuka, lita tano, ndugu zangu, lita tano! Nikaita, "Mungu ni mwema!" Kanisa likajibu, "Wakati wote!" Kwaya ikapiga pambio.

Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni hakupata hata tone. Siku ile sikujiuliza yeye alishukuru nini.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na mahari ya kusemea kule Gatumba, upande wa pili wa mji. Odette alikuwa anakohoa tangu Alhamisi. Nikamwambia nitabaki, au niende kwa njia nyingine, esanse tuiweke. Alikuwa ananipigia pasi shati. Akasema, "Yaya, nenda. We ukikosa kusema, yule bibi arusi atazeekea kwao. Mi niko muzima." Nikaenda. Sisemi uongo: nilitaka kwenda. Walikuwa wameniahidi kiti cha mbele. Nikasema vizuri sana, watu wakapiga makofi, na nikarudi na gari likinusa harufu tu ya esanse. Likazimika hatua chache kutoka hapa nyumbani, tukalisukuma huku Odette akitucheka kutoka mlangoni, mkono kifuani.

Kesho yake, baada ya ibada, pumu ikambana.

Dawa yake ya kuvuta haikumsaidia. Nikapiga mlango wa kila mwenye gari. Magari yote yalikuwa foleni au yamekauka. Pikipiki hivyo hivyo. Tukamkalisha kwenye baiskeli ya muuza mkaa tumkimbize hospitali, mimi nikimshika mgongo, Mama Divine akisukuma. Mgongo wa Odette ulikuwa unafanya kazi ya watu kumi kuvuta pumzi. Kabla hatujafika darajani ukaacha.

Hakuna aliyenilaumu. Hata mmoja. Ushuhuda wangu wa lita tano walikuwa wameusikia kanisa zima, na hakuna aliyeuliza zimeishia wapi. Wakanipa pole, wakaniambia nishukuru kwa kila jambo.

Tangu siku hiyo sijaombea chakula. Kanisani naenda, wimbo naimba, ila mezani, kwa mdomo wangu, sijamwambia Mungu asante hata kwa chumvi. Mama Divine hakunisemesha kuhusu hilo. Alimwachia binti yetu kazi hiyo. Divine ana miaka kumi na minne na anaomba kwa mwendo wa mtu anayewahi basi.

Jumatano tulifanya kikao cha familia kupanga siku. Tonton Gérard, mdogo wa marehemu baba na ndiye mkubwa wetu sasa, akauliza nani atasema neno. Watu wote wakacheka.

"Tonton, unauliza maji kama yako mu ziwa?" akasema binamu yangu.

Nikasema safari hii atafutwe mwingine. Tonton akanitazama juu ya miwani.

"Apana. We unawasemea wafu wa watu, wa kwako unamukatalia? Andika fupi. Na usisahau ile ya 'hatuna swali'. Watu wanaisubiri."

Nikaandika kurasa tatu. Fupi kwangu ndiyo hiyo.

Ijumaa mchana wamama walikuja kumenya ndizi. Mmoja wao alikuwa Mama Espérance, jirani wa nyumba ya tatu. Mume wake alikufa miaka mitatu iliyopita, na siku yao ya kuganduka msemaji nilikuwa mimi. Nilipita na sufuria, nikijifanya nasaidia. Akaniita bila kuinua macho kutoka kwenye kisu.

"Papa Divine. Kesho utasema ile maneno yako?"

"Maneno gani, mama?"

"Ile ulisema ku siku ya bwana wangu. Kama familia haina swali kwa Mungu."

Nikatabasamu kijinga. Nilidhani ananisifu. Nikasema nitaitia, watu wanaipenda.

"Mi sikuipenda," akasema. "Mi nilikuwa na maswali mingi. Nilikuwa nimekaa pale mbele na watoto wane, na we unawaambia watu sina swali. Ulinifunga mudomo, Papa Divine. Ukishasema vile, mi ningeuliza namna gani tena? Watu wangesema sina imani."

Nikakaa kwenye kindoo. Kikalalamika, kama kila kitu ninachokikalia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira. Na we ulikuwa unafurahi sana na vile ulisema."

Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ndizi hizi ni ngumu, nani alizinunua. Ni mimi nilizinunua.

Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kuambiwa ukweli na mtu anayekumenyea ndizi za msiba wako. Ile hasira niliyokuwa nimemwelekezea Mungu ikageuka, ikaniangalia mimi. Mwaka mzima nilikuwa nawachukia wanaoniambia nishukuru. Na aliyewafundisha mtaa mzima kushukuru kwa niaba ya watu wengine ni nani?

Jana nikasimama. Turubai limejaa, mchungaji mbele, Tonton pembeni yake na fimbo. Nikaanza na mzaha wa suti yangu, watu wakacheka, chupa zikaanza kusogezwa. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulianza na sentensi ile. Nikamwona Mama Divine akitayarisha midomo.

Haikutoka. Niliivuta, ikagoma.

Nikakunja karatasi. Nikasema, "Sisi kama familia tuna swali kwa Mungu."

Mfungua chupa akasimama na chupa mkononi.

Nikasema swali lenyewe. Nikasema Mungu ambaye nilimshukuru kanisani kwa lita tano za esanse, alijua Jumapili itakuwaje, na aliniacha nizitumie kwenda kusifiwa Gatumba. Nikasema nilikuwa na bidoni nyumbani, na mdogo wangu alikuwa anakohoa, na nikaenda. Sikuyasema kwa ufasaha. Sauti yangu hii maarufu ilipasuka kama ya kijana anayebalehe. Nikasema nina hasira naye, nina hasira na mimi, na kwamba kwa ile Jumapili simshukuru. Labda siku moja. Leo hapana. Nikisema namshukuru nitakuwa namdanganya mbele ya watu, na nimeshamdanganya vya kutosha kwa niaba ya wengine.

Nikamtazama Mama Espérance. Nikamwomba msamaha kwa siku ya mume wake, kwa jina, mbele ya wote.

Akasimama na kitenge chake. Akasema, "Na mi swali langu bado liko." Akakaa.

Basi. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alikuwa anatazama mikono yake. Nikafikiri nimeharibu, matanga hayajavunjika, Odette atabaki ananing'inia hewani kwa ajili ya mdomo wangu. Hapo Tonton Gérard akagonga fimbo chini.

"Mwalimu. Umemaliza?"

"Bado, Tonton."

"Basi maliza. Mungu amesikia, hana haraka. Ila watu hawa wako na kiu."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kupumua. Na mimi, mbele yao wote, nikalia. Kisha nikamaliza. Nikasema nashukuru kwa miaka thelathini na minane ya Odette. Kwa mashati aliyonipigia pasi. Kwa watoto aliowafundisha kuimba hovyo na kwa nguvu. Kwa jinsi alivyonicheka nikisukuma gari. Hizo nilizitoa bila kusoma popote, na kila moja ilikuwa kweli. Nilipofika ya mwisho nilishangaa kwamba nilikuwa nazo nyingi hivyo.

Tonton akainua chupa yake. Msiba ukafungwa.

Sijapona, asije mtu akaniandikia hapo chini kwamba nimeshinda. Leo asubuhi kanisani mwongozaji alipoita wenye shukrani wasimame, nilikaa. Mchungaji alinisalimia mlangoni, akanishika mkono muda mrefu, akasema, "Mwalimu, Ayubu naye alisema mengi." Nikamjibu Ayubu hakuwa na gari. Alicheka, nami nikakasirika kwamba amecheka, halafu nikacheka.

Mchana tukakaa mezani, maharage na ndizi zilizobaki jana, zile ngumu. Divine akafumba macho, tayari kuondoka mbio. Kisha akayafumbua.

"Papa, leo ni we."

Mama Divine akaendelea kutazama sahani yake, kama mtu asiyehusika kabisa.

Nikasema mimi nimechoka, nilisema sana jana. Divine akasema, "Jana ulisema na watu." Ana ulimi wa shangazi yake, huyu mtoto.

Nikafumba macho. Mvuke wa maharage ukanipanda usoni. Ile sauti yangu ya chini ya turubai haikuja, wala sentensi yoyote nzuri. Nikasema:

"Mungu, asante kwa maharage haya. Asante kwa hawa wawili. Ya Odette hatujamaliza, na unajua. Tutaongea."

Amina ya Divine ilikawia. Nadhani alikuwa anatafakari kama sala ya namna hiyo inahesabika. Amina ya mama yake ilitangulia.

Tukala. Ndizi hazikulainika.

Sasa wamelala kidogo, nami niko hapa barazani na hasira yangu, haijaenda popote. Ila mwaka mzima nilikuwa nayo peke yangu. Leo nimemwambia Mungu mwenyewe, na kesho mchana tutakaa mezani tena.