Nyumba Yetu Imevuka Maji

Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu Abelino,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wanao, na wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Goti lako linaendeleaje? Na upepo wa huko Comodoro, bado unang'oa mabati ya watu? Mimi naandika polepole kwa kuwa mkono unatetemeka, basi usidhani mwandiko huu ni wa mtu mwingine. Utaona pia kwamba juu ya barua nimeweka tarehe bila mahali, mimi niliyewakata alama watoto wa shule yetu ya Pilcún miaka yote kwa kosa hilohilo. Nitalisahihisha kabla sijamaliza.

Mwaka huu Mungu hakutunyima. Viazi vilitoka vinono, na matufaha yalikuwa mengi hata nguruwe wakayasusia. Chicha aliyoikamua Gumercindo Chiguay kwa matufaha hayo imeiva mapema, na padri aliyekuja kubariki mapipa alibariki moja zaidi ya ilivyompasa, akalala katika sakristia. Sasa miti imebaki mifupa, mvua za kaskazini zimeanza kubisha, na kila mtu amejaza kuni.

Nirudi kwenye barua yako. Pole tena kwa kufiwa na mkeo Hortensia. Sikupata kumwona kwa macho, ila kwa jinsi ulivyokuwa ukiandika juu ya supu zake, namjua. Unasema sasa hakuna kinachokushika huko, kwamba Septemba utarudi, ulale katika chumba chako cha juu, usikie mvua juu ya vigae vya mbao alivyovipasua baba, hadi siku yako itakapofika. Unasema, "Dada Clorinda, niachie chumba kama kilivyo."

Kaa kitako kwanza, Abelino, ndipo uendelee kusoma. Nyumba haipo tena kilimani. Niliiuza mwezi uliopita.

Walioinunua ni vijana wawili wa Huildeo, ng'ambo ya maji, Nolberto na mkewe Yasna. Nyumba yao iliungua Agosti, wakatoka na mtoto, cherehani, na nguo walizovaa. Tangu hapo walikuwa wakilala kwenye ghala la nyavu la shemeji yao. Ardhi hawakuitaka, wanayo yao. Walitaka nyumba ya mbao peke yake, ivutwe na maksai hadi ufukoni, ivushwe ikielea, kama wazee wetu walivyofanya. Kiwanja ni chako, hakuna aliyekigusa. Nolberto alizunguka akigonga nguzo kwa vifundo vya vidole, sikio ukutani, kama daktari. Akasema, "Mwalimu, nyumba hii ina mifupa ya kijana." Nikamjibu kwamba basi yenyewe inifundishe inavyofanya, maana mimi daktari wa mjini Castro amegonga mbavu zangu vilevile, akaniambia majira ya baridi sitayamaliza. Ni ini. Nimekuandikia kwa mstari mmoja ili usihangaike kulitafuta kati ya maneno. Maumivu yanavumilika, nami sijambo kwa mtu wa hali yangu.

Kwa kuwa Nolberto hajulikani upande wetu, nilikwenda mwenyewe kuomba watu wa kuivuta. Unakumbuka desturi: unabisha hodi na chupa mkononi, unasema shida yako, na aliyeombwa hana ruhusa ya kukataa. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Gumercindo, kwa sababu hakuna anayejua kuongoza maksai kama yeye. Huyu ndiye aliyekuwa akiruka dirisha la darasa kila siku ya hesabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kofia mapajani, akasema, "Mwalimu, nilipotoka dirishani ulinichapa. Leo unataka nitoe dirisha pamoja na nyumba yake." Mkewe akamwambia anyamaze anywe. Akanywa, na akaja na jozi zake mbili, na binamu zake wakaja na zao.

Tulingoja bamvua ya Aprili. Siku ile ilipambazuka bila upepo, baridi kavu, majani ya mwisho ya mtufaha wa mama yakidondoka bila kusukumwa. Jiko la chuma lilikuwa limetangulia kwa boti. Wanaume walikuwa wamekwisha kuinyanyua nyumba juu ya magogo mawili marefu, na maksai wakafungwa nira, jozi nyuma ya jozi. Gumercindo akapanda juu ya kisiki akapiga kelele, "Haya, pamoja! Na wewe Nolberto, unavuta au unapiga picha ya ndoa?" Nyumba ililia, Abelino. Ililia kama mlango wa ghalani, kutoka chini hadi kwenye paa, halafu ikasogea. Bi Filomena, jirani yetu, aliangua kilio. Nikamwambia anyamaze, lile si jeneza. Akasema, "Jeneza sijawahi kulia chakula ndani yake, Clorinda. Humu nimekula miaka hamsini. Niache."

Walipoifikisha ufukoni, tulikula. Kome, nyama ya kuvuta moshi na viazi vilikuwa vimefukiwa juu ya mawe ya moto tangu asubuhi, na watu walikula wamesimama wakiyatazama maji yakipanda. Nyumba nayo ilisimama mchangani na mapazia yake, kama bibi mnene anayeogopa kulowesha miguu. Mapipa matupu yakafungwa pande zote, boti tatu zikatia kamba, na bahari ilipofika kizingitini nyumba ikaanza kuinuka kidogokidogo. Gumercindo akatoa amri inayotolewa siku zote: ndani asibaki mtu, hata paka. Unajua kwa nini. Tulipokuwa watoto tuliiona nyumba ya sakristani ikienda chini hadi msalaba wa paa.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekataa mara mbili.

Ukisoma hapo juu unaweza kudhani kwamba barua yako ilinikuta nimekwisha kuuza. Sivyo. Ilifika kabla. Nolberto alikuwa amekuja mara moja, nami nikamkatalia kwa heshima, nikamwambia nyumba ina mwenyewe mwingine aliye mbali. Kisha barua yako ikaja. Niliisoma mezani, nikaikunja, na kesho yake nikatuma mtu amwite Nolberto.

Nilikuwa na hasira. Kila mwaka wakati wa matufaha nimekuandikia uje, nawe ukajibu mwaka ujao, Mungu akipenda. Nimewazika baba na mama peke yangu. Kila Jumamosi nimekung'uta blanketi lako na kulitandika upya. Niliposwa na yule mpima ardhi wa Ancud nilimkatalia, kwa sababu alitaka tuhamie kwao, na nani angekufungulia mlango? Sasa mimi ninatoka, ndipo wewe unaingia. Nilisema moyoni, aje akute nyasi. Ndivyo nilivyosema. Daktari na vijana waliounguliwa na nyumba walikuwa sababu nzuri za kuwaambia watu, na ni za kweli, lakini si hizo zilizonifanya nimwite Nolberto.

La pili ni hili. Siku ile ufukoni nilimwambia Filomena kwamba navuka kwa boti ya wapishi, na wapishi nikawaambia navuka na Filomena. Ujanja wa mtoto wa darasa la tatu. Watu walipokuwa wakibishana juu ya kamba, niliingia kwa mlango wa jikoni, nikapanda ngazi, nikakaa juu ya kitanda chako. Sikuingia ili nivuke. Niliingia nikiwa na nia ya kutotoka. Nilifikiri, nyumba ikizama, itanichukua pamoja nayo. Isipozama, baridi ya maji itamaliza kazi ya ini, na mtu atakayenikuta atasema maskini, mwalimu alishindwa kuiacha. Mungu anisamehe, sikufikiri hata kidogo juu ya Yasna ambaye angelazimika kuishi katika nyumba iliyoanza hivyo.

Ikaelea. Maji yaliingia kati ya mbao za sakafu, nikayasikia yakitembea jikoni kama mtu anayetafuta kitu gizani, yakapanda ngazi ya kwanza, ya pili, yakasimama. Nikajivuta hadi dirishani kwako.

Mimi, Abelino, katika umri wangu wote sikuwahi kukitazama kilima chetu kutoka majini. Nikivuka kwenda Castro nilikuwa nakaa chini ndani ya boti kwa sababu ya kichefuchefu. Siku ile nilikiona. Niliuona mtufaha wa mama, na kando yake alama nyeupe ya mraba mahali nyumba ilipokuwa, na vyote vikipungua. Nilishika fremu ya dirisha nikataka kupiga kelele wanirudishe. Ndipo nikaikumbuka barua yako ya kwanza, ya ujana wako, uliposema ulisimama nyuma ya meli ukaitazama nyumba hadi ikawa punje. Na ile nyingine, miaka mingi baadaye, nilipokulaumu, ukajibu kwamba ukija utalazimika kuondoka tena, na kuondoka mara ya pili hutaweza. Nilisema ni maneno ya mtu asiyetaka kuja. Leo nakuomba radhi. Miaka yote hii nilijiona mimi ndiye niliyeachwa, kumbe nyumba nilikuwa nayo. Wewe ulikuwa na punje.

Yasna ndiye aliyeniona, kutoka kwenye boti ya mbele. Alipiga ukelele, wanaume wakageuka, na kwa kuwa hawangeweza kusimama katikati ya mkondo, nikawapungia mkono. Sikujua jingine la kufanya. Tulipofika Huildeo, Gumercindo aliingia maji kiunoni akanibeba mgongoni, akitetemeka kwa baridi na hasira. Akasema, "Mimi nilikuwa naruka nje ya dirisha, Mwalimu. Nje! Sasa wewe unayebaki ndani, nikuchape kwa kanuni gani?" Kisha akalia, mtu mzima yule, ndevu zikichuruzika.

Yasna alinivisha sweta la mumewe na kunikalisha karibu na jiko letu, lililokuwa likiwaka chini ya anga, halina ukuta. Nilimweleza yote, hata hasira yangu. Nikamwomba chumba cha juu kiwe chako kwa muda utakaoishi. Alifikiri, akauliza, "Mdogo wako anakoroma?" Nikamwambia kwamba sijui tena. Hilo ndilo lililoniliza, si jingine. Akasema, "Basi aje tumsikie."

Kwa hiyo njoo, Abelino. Usingoje Septemba. Kama ndege ni ghali, na goti linaruhusu, njoo kwa basi. Usipande kilimani kwetu, utaumia bure. Shuka Huildeo, uliza nyumba iliyokuja kwa maji. Mlango wa jikoni bado unakwama chini, usukume kwa goti zima. Mtoto wa Yasna atakulilia mwanzoni, anawalilia wanaume wote. Ukinikuta, tutakunywa chicha ya Gumercindo, nami nitakuacha unisute utakavyo. Usiponikuta, kitanda kitakuwa kimetandikwa, na ukikaa juu yake utakiona kilima chote, na mtufaha, na kile kiwanja cheupe ambapo nyasi hazijathubutu kuota. Nimekitazama tangu asubuhi nikikuandikia. Kutoka hapa si punje. Ni kikubwa cha kutosha kujengea.

Nisalimie wanao mmoja mmoja kwa jina, na uwabusu wajukuu kwa niaba yangu. Filomena anakusalimu, anasema bado una deni lake la wimbo. Mungu akushike mkono njiani.

Ni mimi dada yako,
Clorinda

Mahali: Huildeo, chumbani kwako.