Mjomba, Sitaomba Radhi kwa Mabomba Yale

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 14,
Kiwanda cha Vigae.
9 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba Mkazamjomba hakukimbizi tena na ile dawa chungu. Sisi wazima. Mama bado anakohoa asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani amekutuma.

Barua yako imefika. Unanishauri nimwombe meneja radhi, kwa kuwa mnyonge hana haki. Nimeisoma mara mbili, na kwa heshima zote, Mjomba, sitaomba. Uliyoyasikia yamepikwa yakaungwa. Ngoja nikueleze mwenyewe.

Unakijua chumba cha kukaushia vigae, anakofanya kazi Mama. Kilikuwa kikipata joto kwa kichomeo cha dizeli, na ukuta wa pili tu tanuri linatoa hewa moto kwenye dohani saa zote, inapotea bure. Mwezi wa tano meneja akatangaza kuwa dizeli imemshinda: chumba kitafungwa, wanawake kumi na tisa waende nyumbani.

Mimi ni fundi bomba, nikamwambia lile joto linahamishika. Unatia maji kidogo ndani ya bomba la shaba, unatoa hewa yote, unaziba pande zote mbili. Upande wa chini ukikaa kwenye hewa moto, maji yanakuwa mvuke. Mvuke unapanda hadi upande wa juu uliotokeza chumbani, unaacha joto lake humo, unageuka maji na kuteremka tena. Hakuna pampu wala umeme.

Akacheka mbele ya watu, nao wakacheka. "Kazi yako kuziba yanayovuja, si kuvumbua."

Basi nikavumbua. Mtunza stoo alinipa mabomba chakavu. La kwanza lilipasuka, nilizidisha maji. Alama ninayo mkononi. La nne likakubali. Tanuri lilipozimwa kwa ukarabati, tukayafunga ishirini na manne, mimi na mchomeleaji tunayemwita Kimya kwa kuwa hanyamazi.

Tanuri lilipowaka tena na kushika moto, chumba kikapata joto la kutosha bila tone la dizeli. Meneja akaja amefura.

"Ng'oa!"

"Sing'oi. Weka kiganja hapa kwanza."

Hakuweka. Alinisimamisha kazi papo hapo, akanipa barua ya kuomba radhi iliyokwisha kuandikwa, nitie sahihi tu. Nikamrudishia. Akawaagiza mafundi wengine wang'oe, na wale wanawake kumi na tisa wakajipanga mbele ya mabomba, Mama wa kwanza, na kikohozi chake. Hakuna fundi aliyethubutu kuwapita.

Leo wiki ya tatu. Vigae vinakauka, chumba hakijafungwa, mabomba yapo. Jana meneja alituma mtu: nirudi, mradi nitie sahihi. Nimemjibu nitarudi siku atakapoichana karatasi ile mbele ya wale aliowachekesha.

Sikudanganyi, Mjomba, ninaogopa. Lakini sitakiri kosa nisilolitenda. Watu wakikuuliza huko kama nimeshaomba radhi, waambie mpwa wako yuko kwake, anakula, analala, anangoja aombwe yeye.

Nisalimie Mkazamjomba, binamu yangu mwalimu na Bibi. Bibi mpigie kelele kidogo asikie. Mungu akukinge na maradhi, na wasengenyaji pia.

Mpwa wako akupendaye daima,
Fundi Bomba