Dakika Kumi na Moja za Mama

Karatu,
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada yangu Nasieku,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na huyo mgeni tumboni awe anakua vizuri. Shemeji Ngoitiko naye hajambo na wanafunzi wake? Mvua imeshafika huko Ololosokwan, ng'ombe wanapata majani? Sisi hapa tu wazima. Eunike anakusalimu sana. Mahindi yameota, matope ni yaleyale, na watalii ninaowapeleka kreta wamepungua, kwa hiyo nashinda nyumbani na kumchosha huyo mke wangu kwa kununa.

Barua nimempa Metui wa lori la soda akuletee mkononi. Kwa simu nisingeweza. Ungeniuliza tena sauti ya mama iko wapi, nami ningekujibu tena kwamba mashine iko kwa fundi. Safari hii nakueleza yote, na tafadhali usome ukiwa umekaa.

Mama alikuachia maneno kabla hajatutoka mwezi wa nane. Nilimrekodi kwa simu, nikayahamishia kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kuwa simu ilikuwa imejaa picha za tembo. Kwa nini unayahitaji, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Mimba mbili zimetoka, na wakwe zako wanasema ni lile neno alilokutamkia mama siku ulipomkataa mume uliyechaguliwa ukamfuata mwalimu wako. Ulitaka wasikie kwa masikio yao kwamba mama aliliondoa.

Sasa sikia. Mwezi wa kwanza nilipata wageni wa siku sita. Moloimet, rika langu, yule tuliyetahiriwa naye siku moja, akaja kuniomba atumie kompyuta nikiwa porini. Siku hizi anatengeneza video za harusi, na yake ilikuwa imekufa. Mila unazijua. Rika lako akiingia nyumbani kwako humuulizi ataondoka lini. Nikampa ufunguo wa chumba. Eunike aliniambia kwamba kompyuta si kibuyu cha maziwa cha kunywewa na kila mtu, nikamwambia mambo ya wanaume aniachie.

Nilirudi nikaikuta imefunikwa kitenge vizuri, meza imefutwa. Nikabonyeza, kimya. Nikabadilisha waya, nikajaribu soketi ya jikoni, nikachomoa memori nikaisugua kwa kifutio cha penseli kama nilivyoona kwenye simu. Wapi. Moloimet akaja kunipa pole, akanywa chai yangu, akanishikia tochi huku mimi nimeingiza kichwa ndani ya boksi. Alisema huenda panya wamekata kitu. Nikatega panya wiki nzima.

Mwisho nikampelekea Patrisi, fundi Mwiraqw mwenye kibanda karibu na soko, mtu wa maneno machache. Alinusa tu, akasema pawa saplai ya kuilisha umeme imeungua. Akafunga nyingine. Mashine ikawaka, ikaonyesha maandishi, ikazima; ikawaka tena, ikazima. Akaingia kwenye mipangilio yake ya ndani kabisa, akaniuliza ni nani aliyeipandisha kasi. Akanieleza kwamba mtu ameilazimisha prosesa, yaani ubongo wake, ikimbie kupita kiwango cha kiwandani, akaiongezea na umeme, ili video zimalizike haraka. Punda ukimtwika mizigo miwili atafika, alisema, lakini si kila siku.

Akairudisha ilivyokuwa, ikatulia. Ila diski, yenye sauti ya mama ndani, haikuonekana. Hiyo, alisema, haikuuawa na kasi, iliuawa na umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Akauliza kama sina stebilaiza ya kutuliza umeme. Ninayo. Nikakumbuka niliporudi niliikuta imechomolewa, nikadhani ni Eunike alipokuwa anafagia, na nikamgombeza. Diski tukaipeleka Arusha kwa wenye vifaa, wakasema chipu zenyewe zimeungua na hakuna kitakachotoka.

Nikaenda kwa Moloimet. Hakukana. Alisema stebilaiza ilikuwa inakata kila umeme ukishuka, na wenye harusi walikuwa wanamsumbua, basi akachomeka moja kwa moja ukutani. Mvua ikaja, umeme ukaenda, ukarudi, akasikia mlio mdogo na harufu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba alijua yataisha tu, maana rika hamshtaki rika. Ndiye huyohuyo aliyenishikia tochi. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, na changu nilikuwa nakikaribisha chai.

Nikawaita marika wenzetu. Walisikiliza pande zote, kisha Olais akasema kwa niaba yao kwamba chuma ni chuma, Moloimet alete kondoo, tule, yaishe. Wakaniuliza kama ndani ya mashine kulikuwa na kitu kingine cha kuzungumzwa. Nikasema hapana. Tukala kondoo.

Najua unajiuliza kwa nini nilisema hapana. Ni kwa sababu Olais angeniuliza swali moja tu. Mama alifariki mwezi wa nane, dada yako akaomba sauti mwezi wa tisa, mashine ikaungua mwezi wa kwanza. Muda wote huo ulikuwa unafanya nini? Dada, nilikwambia faili ni kubwa na mtandao hauibebi. Nilikudanganya. Kuituma ni kazi ya dakika tatu. Nilikunyima makusudi.

Mimi ndiye niliyemwogesha mama miezi saba. Wewe ulifika ameshazikwa, siku ya tatu. Na ile sauti ina dakika kumi na moja, zote Nasieku, Nasieku. Mimi nimetajwa mara moja, aliponiomba nimwinulie mto. Nilipoisikiliza wivu ukanishika, nikasema acha na yeye aumie kidogo. Hata uliponipigia mwezi wa kumi na moja ukilia kwamba na mimba ya pili imetoka, nilikuwa nimekaa mbele ya hiyo kompyuta, inawaka, nikakwambia subiri. Moloimet aliniharibia mashine. Wewe umeharibiwa na mimi.

Ninayoyakumbuka ni haya. Alisema lile neno lilimtoka kwa hasira, na alilimeza siku ileile, ila aliona haya kukutafuta. Alisema Ngoitiko ni mwanawe. Alisema tumbo lako ni tumbo lake, na hakuna mtu anayelaani tumbo lake mwenyewe. Akamwomba Mungu Enkai akupe watoto hadi uchoke kuwaita majina. Mengine yamenipotea, nimejaribu.

Jumamosi nitakuja mwenyewe. Nitasimama mbele ya wakwe zako nimeshika mkononi nyasi za kuomba msamaha, niwaambie maneno ya mama, na niwaambie nani aliyeyaficha. Ukinizuia kuingia bomani, nitayasema nikiwa nje ya ua. Wakidai ushahidi, sina. Nilikuwa nao.

Msalimie shemeji, na wakwe zako wote, wakubwa kwa wadogo. Eunike bado hajui nilichokuandikia. Nikishafunga bahasha nitamwambia. Jitunze, dada, usibebe maji mazito.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
Kimaren